Funda la Kwanza

Mama yangu hanywi kitu kutoka mkononi mwa mtu mpaka mwenye mkono huo anywe kwanza. Iwe pombe, iwe togwa, iwe uji wa mgonjwa au dawa ya minyoo, ni mamoja. Unamletea kikombe, anakutazama, nawe unajua la kufanya: unapiga funda moja mbele yake, unameza, unafungua mdomo aone hujabakiza kitu, ndipo anakipokea. Kwetu Mpimbwe hiyo ni kutoa sumu, na wageni wakishangaa tunawacheka. Haina maana kwamba unashukiwa. Ina maana kwamba kama humo ndani kuna kitu kibaya, basi tutakufa wote. Nimekua nikijua hiyo ndiyo adabu, na mpaka leo nikiletewa soda iliyokwisha kufunguliwa roho yangu haitulii.

Baadaye nikasomea maabara, na somo la kwanza kabisa lilikuwa kwamba kilichomo kwenye chupa hakionjwi. Nikawa naishi na sheria mbili zinazogombana. Nyumbani usipoonja wewe ni mchawi, kazini ukionja wewe ni mwendawazimu. Nilizizoea zote mbili, kila moja mahali pake, mpaka mama alipougua sukari nikamchukua akae na mimi Mpanda mjini.

Alipofika alikuwa amekwisha kupungua hata kitenge kilikuwa kinamzunguka mara mbili. Anakunywa maji mtungi mzima, anaamka kwenda chooni, anarudi anaomba maji tena. Hospitali wakampima, wakampa vidonge na maelezo. Vidonge akavitia kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo, na havikutoka humo. Mjomba, mdogo wake wa baba mmoja, aliwahi kupewa vidonge vya sukari. Baada ya muda akakatwa kidole cha mguu, kisha mguu, kisha tukamzika. Mama alikuwa na hesabu yake ambayo hakuna mtu aliyeweza kuivuruga.

"Vidonge vilianza na kidole, vikapanda," alisema. "Mimi miguu yangu nitakwenda nayo kaburini, yote."

Mimi si mtu wa subira. Nilimfokea mama yangu mzazi ndani ya chumba changu cha kupanga pale Kashaulili mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimweleza kwamba sukari ndiyo iliyomla mjomba, siyo dawa. Alinisikiliza akipitisha punje za rozari kidoleni, nilipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Kitu pekee alichokubali ni unga wa mama mkubwa. Huyo ni dada yake, anayekaa Karema, ambaye baada ya bibi kufa ndiye aliyembeba mama mgongoni na kumlea. Alikuwa anajulikana kwa dawa za mizizi kando yote ile ya ziwa, watu wanatoka hadi Ikola kumfuata. Alimtwangia mama unga, akauweka kwenye kopo la siagi, akalikabidhi kwa kondakta wa basi. Mama alilipokea kama anapokea komunyo. Akachota kijiko mwenyewe, akakoroga mwenyewe, akanywa hapohapo bila kumtazama mtu.

"Na huu nani ameutolea sumu?" nikamtania.

"Wa dada yangu hauhitaji," akasema. "Mkono ule hauwezi kuniua."

Nilikuwa na kimashine cha kupima sukari, nikawa namtoboa kidole kila asubuhi nikisubiri kushinda ubishi. Namba ikaanza kushuka. Nilidhani vipimo vimeharibika, nikanunua vingine, nikabadilisha kidole. Ikashuka tena. Mama akaanza kunenepa, akaanza kuimba akifua, na kwenye jumuiya ya kanisa akasimama kutoa ushuhuda. Nilifurahi. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo: nilifurahi kama mtoto, na hasira yote ikaniisha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumlia mama yangu kimoyomoyo na sasa ananisuta kwa kula kachumbari.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kwenye mradi mdogo wa utafiti, vyumba viwili na veranda. Tulikuwa tunachunguza miti ambayo watu wa Katavi wanaitumia kwa ajili ya sukari, tujue kama ndani yake kuna kitu kweli au ni matumaini matupu. Mkuu wa mradi alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Dar es Salaam. Tulimwita Daktari, na kwa sababu ya jina hilo kina mama wa mtaani walimletea watoto wenye kikohozi, naye akawa anawaelekeza zahanati kwa upole mkubwa. Tulikuwa tumekwisha kupima unga mwingi wa sokoni, ule wa kwenye vikopo vyenye maandishi kwamba unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, vyote kwa kijiko kimoja. Hatukuwa tumeona cha ajabu.

Nikamweleza Daktari habari za kopo la siagi. Aliacha kuandika.

"Tunaweza kupata kijiko?"

Mama akasema niombe kwa mwenyewe. Nikapiga simu Karema. Mama mkubwa akaniuliza mara mbili nautakia nini.

"Chukua basi," akasema. "Lakini kidogo. Na usiache kumpa mama yako."

Namna yetu ya kupima ni rahisi kueleza. Unaloweka unga kwenye spiriti, unachuja, unadondosha tone chini ya kibamba cheupe, kisha unakisimamisha kibamba ndani ya kimiminika kidogo. Kimiminika kinapanda taratibu na kubeba vilivyomo kwenye lile tone, na kila kimoja kinaachwa njiani mahali pake. Ukimulika kwa taa ya zambarau unaona madoa, moja juu ya jingine. Madoa hayo ndiyo sura ya dawa. Unga wa mama mkubwa ulitoa madoa ya kawaida ya mizizi, na katikati yake doa moja jeusi, zito, ambalo hatukuwahi kuliona kwenye mti wowote.

Daktari alikishika kile kibamba kwa ncha za vidole, akakipeleka kwenye taa, akakirudisha, akakipeleka tena. Akasema polepole kwamba huenda tunaangalia kitu ambacho hakuna mtu amekiona. Mti wenyewe sitautaja hapa, maana nawajua watu, kesho utakuta msitu mzima umechunwa magome. Lakini siku ile niliutaja kwa sauti, na nilijiona mtoto wa ukoo wa maana.

Nikatumwa Karema kuchukua mzizi wenyewe na kujifunza unavyotengenezwa. Ilikuwa kiangazi, barabara vumbi tupu. Mama mkubwa nilimkuta amekaa mkekani barazani, amejifunika kitenge kiunoni mpaka chini ya nyayo. Siku zote akinisikia hunikimbilia mpaka barabarani akipiga vigelegele. Siku hiyo hakuinuka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kukaa hivi. Uzee huu."

Nikamwambia nataka twende porini anionyeshe anavyochimba. Kwa kawaida mti wake hagusi mtu mwingine. Anakwenda mwenyewe asubuhi kabla hajasema na mtu, anaunyunyizia unga wa mtama, anauomba, ndipo anachimba upande wa mawio. Safari hii akamtuma jirani yake, mama mmoja wa makamo. Nilishangaa, lakini niliona ni umri. Mzizi ukaletwa, nikauosha, nikauliza habari ya kutwanga.

"Ya kwenye kinu ni yangu," akasema, akakunja uso. "Mambo mengine mwachie mtu afe nayo."

Sikumlazimisha. Waganga wengi wako hivyo, na Daktari mwenyewe alinionya nisimbane. Nikarudi Mpanda na mzizi wangu. Tukaukausha, tukausaga, tukausimamisha kwenye kibamba pembeni ya unga wa kopo. Madoa ya mizizi yakaja yote, yamepangana sawasawa na ya kwenye kopo. Lile jeusi halikuja.

"Ni utengenezaji," akasema Daktari. "Kuna kitu anafanya."

Tukaanza kukisia. Tuliukaanga mzizi. Tuliuchachusha kwenye togwa mpaka majirani wakauliza kama mradi umefungua kilabu. Tuliuanika kwenye jua, tuliuanika kwenye kivuli, tuliuchanganya na majivu na magadi. Doa likagoma. Daktari akaacha kutania. Nikawa namkuta ofisini amekaa mbele ya taa amezima redio, anatazama vibamba vya zamani. Mimi nilichokijua ni kwamba mama yangu anapona kwa kitu nisichokielewa, na kila kopo lililokaribia kwisha lilinikosesha amani.

Krismasi mama alikula wali wa kwetu mpaka akalegeza kitenge, na kimashine kikalalamika. Nikampigia mama mkubwa simu, nikamwambia kwa ukali kwamba sukari ya mdogo wake imepanda, na kama dawa imepungua nguvu aseme. Alisema amesikia. Kopo lililofuata, mama alilionja akakunja uso, akasema hii ya sasa ni kali.

Halafu ikaja Kwaresima. Mama akafunga. Padre alikuwa ametangaza kanisani kwamba wazee na wagonjwa wameruhusiwa kula. Nilipomkumbusha akaniambia padre hajui dhambi zake. Akawa anashinda na unga wa mama mkubwa tumboni na rozari mkononi, chakula mpaka jua lizame. Hapo ndipo hofu ilipoanza. Nilimkuta akilowa jasho asubuhi ya baridi ya mvua. Akatia chumvi kwenye chai. Siku moja akaniita kwa jina la shangazi aliyekufa nikiwa mdogo, na alipotambua akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikampima malaria, hana. Nikampima sukari, iko chini, na kila siku inazidi kidogo kuwa chini.

Watu wengi wanajua kwamba sukari ikipanda ni hatari. Wachache wanajua kwamba ikishuka sana inaua haraka zaidi. Ikipanda unapewa miezi na miaka. Ikishuka, mtu anaweza kuzimika amekaa kwenye kiti huku mnaongea.

"Mama, punguza dawa au ule. Kimoja."

"Dawa ya dada yangu siipunguzi. Na mfungo ni wa Mungu. Unataka nimpunguzie nani?"

Nilifikiria kuficha kopo. Nilifikiria kumwaga nusu na kujaza majivu. Mama alikuwa akilala nalo kichwani.

Ijumaa moja asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka akamwaga kijiko cha kwanza sakafuni. Akaniangalia, nikaona ameogopa, na mama yangu si mtu wa kuogopa.

"Nikorogee wewe," akasema.

Nikachota nusu kijiko.

"Ongeza. Naona."

Nikaongeza, nikakoroga, nikampa. Hakupokea. Alikuwa ananingoja, na mimi nilikuwa nimesahau, kwa sababu dawa hii hakuna mtu aliyewahi kumkorogea. Sasa ilikuwa imetoka mkononi mwangu, si mwa dada yake.

"Toa sumu."

Nikanywa kidogo.

"Huko ni kulamba. Kunywa."

Basi nikanywa. Nilipiga mafunda makubwa, mengine kwa hasira, mengine kwa hila, nikijiambia kwamba kila ninachokimeza mimi kinampungukia yeye. Ilikuwa chungu, uchungu wa mzizi, na nyuma yake ladha ya chokaa. Nikafungua mdomo, akachungulia, akapokea kikombe akamaliza kilichobaki. Nami nilikuwa nimefunga siku hiyo, kwa kuona haya kula mama akiwa amefunga. Nikamwacha akijiandaa kwenda kanisani na kina mama wa jumuiya, maana baadaye kulikuwa na Njia ya Msalaba, nikaenda kazini.

Ilikuja nikiwa naosha vyombo. Kwanza njaa, njaa ya ghafla isiyo ya kawaida, kana kwamba sijala tangu nizaliwe. Halafu jasho likanitoka chini ya koti. Nikaona glasi ikiniponyoka, nikaisikia ikivunjika mbali, upande wa pili wa ukuta. Daktari akatoka ofisini akaniuliza kuna nini, na mimi nilikuwa nalijua jibu lakini maneno hayaji. Nilichoweza ni kufungua mkoba, kutoa kimashine na kujitoboa kidole.

Mimi sina sukari. Sijawahi kuwa nayo. Namba iliyokuja ilikuwa ya mtu wa kulazwa.

Nilikaa chini sakafuni, katikati ya vigae vya glasi, na kichwa changu kilichokuwa kinazima kikafanya kazi yake moja ya mwisho. Nikakumbuka darasani. Ziko aina za vidonge vya sukari ambavyo havijali kama unaumwa au huumwi. Ukivimeza vinashusha tu. Nikakumbuka ladha ya chokaa. Nikakumbuka doa jeusi lililokataa kutoka kwenye mzizi, hata tuukaange, hata tuuchachushe. Halikuwa la mzizi. Kuna mtu alikuwa anatia vidonge vya hospitali kwenye dawa ya mama yangu. Mama amemalizia kikombe kilekile, juu ya kijiko cha kila siku, hajala tangu jana, na sasa hivi yuko kanisani.

"Mama," nikamwambia Daktari. "Kanisani."

Hakuuliza zaidi. Aliwasha pikipiki ya mradi, nikapanda nyuma, pale kwenye kioski akasimama nikachukua soda, chupa nzima ya machungwa. Niliikumbatia njia nzima. Wazo la kuinywa mwenyewe halikunijia, na ndivyo inavyokuwa sukari ikishuka, akili ndiyo inayotangulia kuondoka. Kulikuwa na matope, pikipiki inateleza, na mimi nilikuwa naomba, siyo sala nzuri, ni neno moja tu nalirudia.

Walikuwa katikati ya ibada, watu wamepiga magoti. Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma, kichwa kimeegemea bega la mwenzake, gauni limelowa mgongo wote. Macho yalikuwa wazi. Mama mmoja wa jumuiya akaninong'oneza nisimsumbue.

"Ameguswa," akasema. "Roho yuko naye."

"Sukari imeshuka!" Nilipiga kelele kanisani, Kwaresima, mbele ya msalaba. "Mnamtazama mtu anakufa nyie mnasema ameguswa!"

Wakasogea. Nikaweka chupa mdomoni mwake. Akafunga meno, akageuza uso.

"Nimefunga," akasema, kwa sauti nzito ya mlevi.

"Mama, kunywa. Nakuomba."

Akanitazama. Sina hakika kama alijua mimi ni nani. Lakini alitazama chupa, akatazama mkono unaotetemeka ulioishika, na kutoka mahali fulani ndani kabisa, ambako ugonjwa ulikuwa haujafika, akatoa maneno mawili.

"Toa sumu."

Nikanywa. Nilikunywa palepale nimepiga magoti kwenye saruji, na mwili wangu ukaikimbilia ile soda hata machozi yakanitoka. Nikafungua mdomo wangu mbele ya uso wake. Alichungulia. Ndipo akaachia meno, nami nikamnywesha kidogokidogo, funda langu, funda lake, huku waumini wakituangalia na kiongozi wa ibada ameshusha kitabu. Chupa ilipokaribia kwisha akaniita kwa jina langu. Akauliza kwa nini nalia kanisani.

Hospitali walimtundikia dripu ya sukari na kumlaza, kwa sababu dawa ya namna ile haiondoki mwilini upesi. Nami walinilisha na kunipima hadi waliporidhika. Kesho yake Daktari alinunua kidonge cha sukari kwenye duka la dawa. Tukakisaga, tukakidondosha kwenye kibamba pembeni ya unga wa mama mkubwa, tukasubiri tumesimama. Madoa mawili meusi yalipanda yakasimama kwenye mstari mmoja.

"Nilikuwa naogopa hilo tangu mzizi ulipotukatalia," akasema Daktari. "Nikawa sitaki kuweka kidonge pembeni. Nilitaka doa liwe la mti." Akazima taa. Nilimwonea huruma, lakini kwa muda mfupi tu, kwa sababu hasira ilikuwa imenijaa. Nilimwita mama mkubwa muuaji. Nilisema kwa sauti, mbele ya Daktari, kwamba ametutapeli wote, kwamba jina lake la uganga limejengwa kwa vidonge vya dukani. Nikapanda basi la Karema nikiwa na kopo mkobani.

Mvua ilikuwa imeivunja barabara. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena, na kila nilipokanyaga tope niliongeza neno kwenye yale niliyokuwa nikiyapanga kumwambia. Nilifika viatu mkononi. Alikuwa barazani palepale, mkekani, kitenge mpaka chini ya nyayo. Sikumwamkia. Nililiweka kopo mbele yake.

"Vidonge umetoa wapi?"

Hakujifanya hajui. Akaliangalia kopo.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Kwa bahati, siyo kwa dawa yako. Vidonge umetoa wapi, mama mkubwa?"

"Kliniki."

"Nani anakupa? Unanunua?"

"Mimi nanunua na nini? Napewa. Ni vyangu."

"Vyako kivipi?"

"Nina sukari mimi, mwanangu, hata kabla ya mama yako," akasema. "Dada wa kliniki ananipa kila mwezi. Mama yako nilijua hawezi kuvimeza. Tangu mdogo wetu akatwe mguu, huyo hawezi. Lakini cha mkononi mwangu anakula. Nilimlisha tangu hana meno. Basi nikawa natwanga na mzizi, nampelekea. Ikashuka, si ulisema mwenyewe imeshuka? Halafu Krismasi ukanipigia ukasema imepanda, nikaongeza vyote."

"Vyote? Na wewe unakunywa nini?"

"Mzizi," akasema.

Alipojisogeza nikasikia harufu. Nilikuwa nimeisikia tangu nilipoingia nikadhani ni dagaa walioanikwa kwa jirani. Nikapiga magoti, nikainua pindo la kitenge, naye hakunizuia. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa vipande vya khanga hadi kwenye kifundo, na vidole vilivyotokeza mwishoni vilikuwa vyeusi. Siku ile ya kiangazi alikuwa ameufunika huohuo, ulipokuwa bado una kidonda tu. Miezi yote ile sisi tulikuwa tunachachusha na kukaanga, tukiuliza mzizi ule peke yake unaweza nini dhidi ya sukari. Jibu lilikuwa chini ya kitenge chake.

Yale yote niliyoyapanga njiani yaliniishia. Nilimshika miguu, nikalia, nikamwambia shikamoo. Akaniitikia marahaba na kunifuta matope ya usoni kwa kiganja.

Tulimleta Mpanda kwa gari la mtu aliyekuwa anapeleka dagaa. Hospitalini, daktari wa upasuaji hakukaa sana. Alisema mguu utaondoka chini ya goti, na tushukuru kama ugonjwa utaishia hapo. Mama alikuwa ametolewa wodini, anapumzika kwangu, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Nilimwambia yote kwa mara moja, nimesimama, kwa sababu ningekaa ningeshindwa.

Alilishika fundo la kitenge chake.

"Kwa hiyo vidonge ndivyo vimemkata," akasema.

"Hapana, mama. Ni kwa kuvikosa. Vilikuwa tumboni mwako."

Siku hiyo hakushika rozari.

Tulikwenda kumwona baada ya upasuaji, mchana wa saa za kuona wagonjwa. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ulipokuwa mguu. Mama hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamrekebishia dada yake kilemba. Nesi akapita na dawa, akamwekea mama mkubwa vidonge vyake kiganjani na kikombe cha maji. Mama mkubwa akafumba ngumi.

"Nitameza baadaye," akasema. Nesi alipogeuka akanisogezea ile ngumi. "Shika, mkorogee mama yako. Mimi hapa wananitundikia dripu, nina nafuu."

"Mama mkubwa, meza. Tafadhali."

"Yeye atakula nini? Unamjua huyu. Nikimeza mimi, yeye atakula nini?"

Nilianza kumjibu, na nadhani ningeanza kufoka, wodini, kwa mtu aliyetoka kukatwa. Mama akanizuia kwa mkono. Akavuta pindo la kitenge chake, akaanza kulifungua lile fundo. Lilikuwa limekaza, akatumia meno. Hospitali walikuwa wamempa vidonge vipya alipotoka, vya aina nyingine, na nilikuwa najua vilipo, sikuwa na nguvu ya kugombana tena.

Akatoa kimoja. Akachukua kikombe cha dada yake. Maisha yangu yote sijawahi kumwona mama yangu akitangulia kunywa kikombe kilicholetwa na mtu mwingine. Alikiweka kidonge ulimini, akapiga funda, akameza kwa shida, akashika shingo. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa dada yake, akafungua mdomo, akainua ulimi.

Mama mkubwa alichungulia, akachungulia tena, mpaka ndani ya mashavu.

"Nimekutolea sumu," mama akamwambia. "Sasa kunywa."

Mama mkubwa akafumbua ngumi, akaomba maji.